Waraka Uliokuja Bila Herufi Zake: Namna ya Kutibu Tatizo la Fonti Kukosekana

Nina duka dogo la uchapaji Busia, upande wa Uganda, mwendo wa dakika chache kutoka mpakani. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Nyaraka zinazopita hapa zinatoka kila upande: mikataba kutoka Kampala, ankara kutoka Mombasa, mitihani ya walimu, ratiba za mazishi, CV za vijana. Kwa hiyo tatizo la fonti, yaani mtindo wa herufi, kukosekana hunitembelea karibu kila wiki, na mara nyingi haligongi hodi.

Kilichonifundisha kuliheshimu ni kadi za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya harusi. Kijana mmoja aliniletea flashi yenye kadi alizozichora mwenyewe nyumbani, majina ya wenye shughuli yakiwa kwa fonti ya kupindapinda kama uzi wa kufumia. "Mzee, nitolee mia mbili, narudi saa kumi." Nikafungua faili, nikaona majina yamesimama wima kwa Times New Roman, nikadhani ndivyo alivyotaka. Nikatoa mia mbili kwenye karatasi ngumu ya bei. Saa kumi akaja na ssenga, yaani shangazi, wa bibi harusi. Ssenga akainua kadi moja, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza, "Ssebo, hii ni kadi ya kwanjula au tangazo la mkutano wa baraza la mtaa, LC?" Karatasi ya mara ya pili niliinunua kwa mfuko wangu.

Kompyuta yangu haikuniambia neno. Hapo ndipo ubaya ulipo: makosa mengi ya fonti hayaji na ujumbe wowote.

Kwa nini herufi hazisafiri

Fonti ni faili, mara nyingi lenye mwisho wa .ttf au .otf, linalokaa ndani ya kompyuta. Ukiandika waraka kwa Word na kuuhifadhi, Word kwa kawaida haiweki faili la fonti ndani ya waraka. Inaandika jina la fonti tu. Ni kama kumtumia mtu maagizo kwamba "neno hili livae gomesi ya kijani". Kompyuta ya mpokeaji inafungua kabati lake. Ikikosa gomesi ya kijani inachukua nguo yoyote inayokaribia kumfaa, na sherehe inaendelea.

PDF, ambayo Adobe waliianzisha mwaka 1993, iliundwa ili waraka uonekane vilevile kila unapofunguliwa. PDF inaweza kubeba fonti zake ndani yake, na hilo ndilo tunaloita kupachika fonti. Angalia neno nililotumia: inaweza. Aliyetengeneza PDF akiziacha nje, tunarudi palepale kwenye kabati.

Kwanza tambua ni ugonjwa gani

Usipakue kitu chochote kabla ya kutazama waraka vizuri. Dalili zinafanana kwa mbali lakini dawa ni tofauti, na nimeona watu wakimaliza bando la wiki nzima wakipakua fonti ambazo hazikuwa na kosa.

Dalili ya kwanza ni sura kubadilika. Maneno yote yanasomeka, ila mistari imesogea, jedwali limevunjika, CV ya kurasa mbili imekuwa tatu. Hapo fonti haipo na nyingine imeshika nafasi yake. Siku hizi mhalifu mkubwa ni Aptos. Tangu Office 2007, Word ilikuwa ikiandika kwa Calibri usipochagua kitu kingine. Mwaka 2023 Microsoft wakaanza kuiweka Aptos mahali pa Calibri. Mtu wa Kampala mwenye Word mpya anaandika, hajui hata kama kuna kitu kinaitwa Aptos, anatuma. Sisi wenye Office 2010 tunafungua na kupokea kitu kingine.

Dalili ya pili ni visanduku vitupu, □□□, mahali pa herufi. Maana yake maandishi yapo salama lakini fonti inayotumika haina umbo la herufi hizo. Wachapaji wa Kizungu huviita "tofu" kwa kufanana na vipande vya jibini ile ya soya, na Google walipotengeneza fonti zao za Noto, jina lilitokana na nia ya kuviondoa visanduku hivyo. Hapa kwetu utaviona kwenye Kiarabu, Kiamhari, Kichina cha wakandarasi, na wakati mwingine kwenye ŋ ya Luganda na Acholi.

Dalili ya tatu huwadanganya wengi. Badala ya *eŋŋoma* unaona *eÅ‹Å‹oma*. Hilo si kosa la fonti kabisa. Herufi ŋ ikihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote kwa namba, inakuwa baiti mbili, na programu inayozisoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows inaziona kuwa alama mbili, Å na ‹. Ukiweka fonti elfu moja hapo hazitasaidia. Mara nyingi hutokea mtu anapofungua faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, kwa Excel kwa kulibofya mara mbili. Lifunge, fungua Excel tupu, nenda "Data", kisha "From Text/CSV", na mahali pa "File Origin" chagua 65001: Unicode (UTF-8). Herufi zitarudi.

Ya nne ni alama za kuuliza, e??oma. Hapa pole. Kuna programu njiani ilishindwa kuhifadhi herufi ikaweka ? mahali pake, na herufi yenyewe haimo tena kwenye faili. Mwombe mwenye waraka akutumie upya kutoka asili.

Na ya tano inachekesha mpaka ikuhusu: alama za orodha zimekuwa herufi. Mahali pa tiki pana ü, mahali pa kidoti kikubwa pana l, mahali pa mshale pana Ø, na mwisho wa barua ya kirafiki pamekaa J peke yake kama mgeni asiyejulikana. Fonti iliyokosekana ni Wingdings. Ndani ya Wingdings tiki imekaa kwenye nafasi ya ü na uso wa tabasamu kwenye nafasi ya J. Niliwahi kupokea fomu ya mwalimu mkuu iliyojaa ü, naye akasisitiza kwamba ni Kijerumani.

Tafuta jina la fonti inayokosekana

Kwenye Word, kubofya neno na kutazama kisanduku cha jina la fonti juu hakutoshi, kwa sababu Word huonyesha jina lililoagizwa hata kama fonti haipo. Ndiyo maana ile siku ya kwanjula hata kama ningetazama ningeona jina sahihi kabisa.

Fanya hivi. Waraka ukiwa wazi, nenda "File", "Options", "Advanced". Teremka hadi sehemu ya "Show document content" na ubofye "Font Substitution". Ikiwa kila kitu kipo, utaambiwa hakuna fonti iliyobadilishwa. Ikiwa kuna pengo, utaona safu mbili: kushoto jina la fonti inayokosekana, kulia ile iliyoshika nafasi yake. Liandike jina la kushoto kwenye karatasi kama lilivyo, pamoja na nafasi zake. Kuna kitufe cha "Convert Permanently" chini pale. Usikiguse kwenye waraka wa mtu mwingine, kwa sababu kinafuta jina la asili na kuliweka la mbadala moja kwa moja.

LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Word, ni mkweli zaidi. Ukibofya neno ambalo fonti yake haipo, jina kwenye kisanduku huonekana kwa italiki. Ukishazoea kuliona hilo, hutahitaji menyu.

Kwenye PDF, fungua Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, kisha ubofye "Fonts". Kila fonti iliyopachikwa itakuwa na maneno "Embedded" au "Embedded Subset" pembeni yake. Ile isiyo na maneno hayo ndiyo mshukiwa, na chini yake mara nyingi utaona "Actual Font" pamoja na jina la fonti ambayo Reader imeitumia kubahatisha.

Kuipata fonti bila kujiletea balaa

Kabla ya kwenda intaneti, tazama kama Windows yenyewe haijaificha. Windows 10 na 11 haziweki fonti zote tangu mwanzo. Baadhi zimefungwa kwenye vifurushi vya ziada ambavyo ni vya bure. Andika "Optional features" kwenye sehemu ya kutafutia ya menyu ya Start, ifungue, chagua kuongeza kipengele, kisha andika "fonts". Madrasa zinazoniletea mitihani iliyoandikwa kwa Traditional Arabic au Simplified Arabic huponea kwenye kifurushi cha "Arabic Script Supplemental Fonts". Nyala ya Kiamhari imo kwenye "Ethiopic Supplemental Fonts". Mkandarasi akikuletea karatasi yenye KaiTi au FangSong, tafuta "Chinese (Simplified) Supplemental Fonts". Utahitaji intaneti, kwa hiyo usianze kazi hii mteja akiwa tayari amesimama kaunta na bando linaelekea ukingoni.

Aptos unaweza kuipakua kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Fonti huria, Noto zikiwemo, zimo Google Fonts. Kwa lugha zetu napenda Charis SIL na Andika za shirika la SIL, kwa sababu walizitengeneza wakifikiria lugha za aina yetu na ŋ imo ndogo na kubwa. Fonti za kulipia, zile za wachoraji wa nembo, muulize aliyeleta kazi; mara nyingi anayo kwenye kompyuta yake na ndiye mwenye leseni.

Sasa neno moja kwa sauti kubwa. Fonti ni .ttf, .otf au wakati mwingine .ttc. Fonti haiwi .exe. Mwaka 2017 walaghai walitegesha tovuti zilizovamiwa ili ukurasa uonekane umevurugika, kisha dirisha linajitokeza likisema fonti ya HoeflerText haikupatikana na kukuomba usasishe Chrome. Aliyebofya alipakua .exe, na miongoni mwa zawadi zilizokuwa ndani yake ni programu ya kufunga mafaili yako na kudai fidia. HoeflerText ni jina la fonti ya kweli, ndiyo maana watu waliamini. Tovuti haikuombi uweke fonti ili uisome. Ukiona dirisha la namna hiyo, funga ukurasa na uendelee na maisha.

Kuiweka kwenye kompyuta

Windows: fonti nyingi huja ndani ya faili la .zip. Lifungue kwanza kwa kulibofya kitufe cha kulia na kuchagua "Extract All". Watu huruka hatua hii, wanabofya fonti ikiwa bado ndani ya zipu, kisha wanalalamika imekataa. Ukishatoa mafaili nje, yachague yote, bofya kitufe cha kulia, chagua "Install for all users". Ukichagua "Install" peke yake, Windows huiweka kwa akaunti yako tu, na kuna programu za zamani ambazo haziangalii huko. Vilevile mfanyakazi wako akiingia kwa akaunti yake hataiona.

Weka wanafamilia wote wanne: ya kawaida, nzito, ya italiki, na nzito ya italiki. Ukiweka ya kawaida peke yake, Word itatengeneza herufi nzito kwa kuzinenepesha kwa nguvu, na kwenye karatasi zinaonekana zimevimba.

Funga Word kabisa uifungue tena. Isipoonekana, washa kompyuta upya. Ikiwa baada ya hapo fonti hata zilizokuwepo zamani zimevurugika, fungua Control Panel, nenda kwenye "Fonts", kisha "Font settings", na ubofye "Restore default font settings".

Mac: bofya faili la fonti mara mbili, kisha "Install". Basi.

Kwa wenye Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nami kompyuta yangu moja ni ya Ubuntu kwa sababu virusi vya flashi za wateja vilinichosha, hatua ni chache. Fonti za zamani za Microsoft kama Arial, Times New Roman, Verdana na Georgia zinapatikana kwa amri moja:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer

Calibri na Cambria hazimo humo. Badala yake weka hizi:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Carlito si Calibri, lakini kila herufi yake ina upana uleule na ya Calibri, hivyo mstari unakatika palepale na ukurasa unaisha palepale. Caladea inafanya hivyohivyo kwa Cambria, na fonti za Liberation kwa Arial, Times New Roman na Courier New. Kwa mkataba wenye vifungu vilivyopangwa kwa kurasa, upana ni muhimu kuliko urembo. Kuna kichekesho cha wachapaji ndani yake: mchoraji wa Liberation, Steve Matteson, ndiye huyohuyo aliyekuja kuichora Aptos. Mtu mmoja, dawa na ugonjwa.

Fonti uliyoipakua mwenyewe iweke kwenye folda ya ~/.local/share/fonts, kisha andika fc-cache -f. Ukitaka kujua kompyuta itaweka nini mahali pa fonti fulani, andika fc-match "Calibri", nayo itajibu. Na kwa PDF, pdffonts likifuatiwa na jina la faili hukupa orodha yenye safu ya "emb": yes ni salama, no ni shida.

Ukiikosa kabisa, chagua mbadala mwenyewe

Usiiachie kompyuta ibahatishe. Kwenye dirisha lilelile la "Font Substitution" la Word unaweza kuchagua fonti ya kushika nafasi. Kwenye LibreOffice nenda "Tools", "Options", "LibreOffice", "Fonts", weka tiki kwenye "Apply replacement table", andika jina linalokosekana upande mmoja na mbadala upande wa pili. Kwa Calibri andika Carlito. Hizi zikishapangwa mara moja, nyaraka za baadaye zinapita zenyewe.

Kwa ŋ ushauri wangu ni mwingine. Fonti nyingi za mapambo zilichorwa na watu wasioijua hii herufi. Word ikiikosa inaiazima kutoka fonti nyingine, na unapata bango la kikundi cha ngoma ambalo neno *Eŋŋoma* limevaa nguo za rangi mbili. Badilisha fonti ya neno zima, si ya herufi moja. Na kama kibodi haikupi ŋ, kwenye Word andika 014B halafu bonyeza Alt na X kwa pamoja. Kubwa yake ni 014A. Wako wanaokimbilia ng' kwa sababu ya uvivu wa kompyuta, lakini Luganda imekuwa na tahajia yake rasmi tangu 1947 na ŋ imo. Waraka wa kanisa au wa shule uipe haki yake.

PDF inayolalamika

Ujumbe wa kawaida wa Adobe Reader ni kwamba imeshindwa kupata au kuunda fonti fulani na baadhi ya herufi huenda zisionekane sawa. Wakati mwingine badala ya maneno unaona vidoti tu.

Anza na jaribio la bei nafuu: fungua faili hilohilo kwa Chrome, Edge au Firefox. Kila programu ina namna yake ya kubahatisha, na mara kadhaa moja inafaulu pale nyingine ilipokwama. Likionekana sawa huko, lichape kutoka hukohuko, kazi imekwisha.

Lisipokaa sawa, pakua fonti uliyoiona kwenye ule ukurasa wa Ctrl na D, iweke kwenye Windows, kisha ndani ya Reader nenda "Edit", "Preferences", "Page Display" na uhakikishe "Use local fonts" ina tiki. Funga, fungua tena. Kama jina la fonti linalingana, Reader itaichukua.

Kuna hali nyingine inayofanana lakini si hiyo. Skrini inaonyesha vizuri, printa inatoa takataka. Hapo fonti ipo. Printa ndiyo iliyoshindwa kuielewa. Kwenye dirisha la kuchapa bofya "Advanced" na uweke tiki kwenye "Print As Image". Ukurasa utachapwa kama picha, polepole kidogo, lakini utakuwa ulivyo. Ujanja huu hausaidii pale skrini yenyewe imeharibika: utapata picha nzuri ya maandishi mabovu.

Na kama hakuna kilichofaulu, mpigie simu aliyetuma. Dakika mbili za kumweleza abonyeze nini ni bora kuliko jioni nzima ya kubahatisha, na tusidanganyane, kosa ni la upande wake.

Kutuma waraka ili mwenzako asiteseke

Kwa Word ambayo mpokeaji ataihariri: "File", "Options", "Save", kisha weka tiki kwenye "Embed fonts in the file". Chini yake kuna chaguo la kupachika herufi zilizotumika tu. Hupunguza ukubwa wa faili, lakini mpokeaji akitaka kuandika neno jipya lenye herufi ambayo hukuitumia, ataikosa. Kwa hiyo kama anahariri, usiweke tiki hiyo ya pili. Ujue pia kwamba baadhi ya fonti zimefungwa na wenye nazo zisipachikwe, na nyingine zinaruhusu kusomwa na kuchapwa tu, kwa hiyo waraka unafunguka lakini haukubali kuhaririwa. LibreOffice ina chaguo kama hilo kwenye "File", "Properties", "Font".

Kwa waraka wa kusomwa na kuchapwa tu, hifadhi PDF. Unapohifadhi kutoka Word bofya "Options" na uchague PDF/A. Hii ni aina ya PDF ya kuhifadhi kumbukumbu, iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005, na sharti lake mojawapo ni kwamba kila fonti lazima ipachikwe. Zabuni, mikataba na vyeti navihifadhi hivyo siku zote. Anayesomea waraka kwenye simu naye mtumie PDF. Simu nyingi hazina Calibri wala Aptos, na faili la Word likipita WhatsApp hufika salama kisha likafunguliwa vibaya.

Kazi za kupeleka Nasser Road pale Kampala, yaani mabango, kalenda na kadi nyingi, zina desturi yake. Fundi wa kule hana muda wa kukutafutia fonti. Geuza maandishi kuwa michoro kabla ya kutuma: kwenye programu ya kuchorea ya CorelDRAW chagua maandishi na ubonyeze Ctrl na Q, kwenye Illustrator ni Ctrl, Shift na O. Baada ya hapo herufi si herufi tena bali ni mistari iliyochorwa, na hakuna kompyuta itakayoibadilisha. Ubaya wake ni kwamba huwezi tena kusahihisha tarehe iliyokosewa, kwa hiyo hifadhi kwanza nakala yenye maandishi ya kawaida kwa jina jingine. Nimemwona mtu akilia kwa sababu ya "Jumamosi" iliyopaswa kuwa "Jumapili", na nakala ya asili alikuwa ameshaifuta.

Mimi sasa nikipokea flashi ya kadi, kabla ya kuwasha printa kubwa namwita mwenyewe asogee kwenye skrini. "Mama, mwandiko huu ndio uliouchagua?" Akinyamaza muda mrefu najua jibu. Natoa moja kwenye karatasi ya kawaida, anaishika, anaisoma jina kwa jina, anaweka sahihi pembeni. Ndipo naweka ile karatasi ngumu.